Mwiko wa Bi Mize Apewe Nani

Nina mzigo kichwani na shingo imeniuma. Semeni: Tua, bibi. Haya, natua. Lakini atakayeufungua asinirudishie, maana nimeubeba muda mrefu na sijaona wa kunipokea.

Katika mtaa wetu wa Chumvini walikuwako watu watatu, kila mmoja na kipaji chake, na kila kipaji kilikuwa kero kwa wenzake.

Wa kwanza ni Vuai. Huyu alipewa ubishi. Ukimwambia jua limetoka, atakuuliza limetoka wapi na nani alikuwa kalifungia. Kwenye bao walimkataza asicheze, si kwa kuwa alishinda sana, bali kwa kuwa akishindwa, mchezo ulikuwa hauishi. Mkewe alikuwa akimjibu kwa kutikisa kichwa tu, kwani neno lolote kwake lilikuwa kuni.

Wa pili ni Sikudhani. Huyu alipewa macho. Baraza lake lilitazama njia panda, na hapakupita kitu asikione: nani kapita, kavaa nini, kabeba nini, na uso kaukunja vipi. Msije mkasema namsengenya. Alikuwa shoga yangu, namsifu.

Wa tatu ni Jokha. Huyu alipewa miguu, na akapewa milango. Alikuwa mnunuzi wa mayai, anazunguka nyumba kwa nyumba na kikapu chake, anaingia nyuani kwa watu ambako hata ndugu hawafiki. Hodi yake alikuwa anaipiga akiwa tayari yuko ndani.

Sasa nije kwa mwenye mzigo.

Bi Mize alikuwa mjane, hana mtoto. Alikuwa mtunza vyombo vya mtaa: masinia, majamvi, na lile sufuria kubwa la shughuli tuliloliita Shibe. Hapakuwa na harusi wala khitma Chumvini isiyopikwa ndani ya Shibe. Mize alirithi kazi hiyo kwa mama yake, na alama ya kazi ni mwiko wa mninga, mrefu kama kasia. Mwenye mwiko ndiye mwenye jiko. Ndiye anayesema mchele utiwe sasa, moto upunguzwe, fulani apelekewe sinia lake kwa kuwa ni mgonjwa. Mize hakuwa na kingine duniani ila huo mwiko na jina lake.

Vyombo vile vilikuwa na sheria zake. Banda la kuvitunzia halikuwa na kufuli, lilifungwa kamba tu, kwa sababu msiba haupigi hodi. Mwenye kufiwa aingie achukue, Mize awepo asiwepo. Na kikishatoka chombo hakidaiwi, maana utamfuataje mtu mwenye matanga ukamwambia nirudishie sufuria langu? Lakini sheria kubwa kuliko zote ni hii, na hata majumbani tuliishika: chombo hakirudi kitupu. Ukiazima bakuli la mwenzio, lirudishe na kitu, japo kitumbua, japo chumvi. Mwenye kurudisha chombo kitupu alikuwa kama mtu aliyeingia na kutoka bila salamu.

Mwaka huo Mize alifiwa na dada yake Muheza, akaenda matangani. Aliporudi alikuta kamba ya banda imefungwa vizuri na Shibe halipo. Hakushtuka. Akajua kuna aliyefiwa. Akasema Mungu amrehemu marehemu, akakaa kungoja.

Akaja Bi Regea. Regea alikuwa na nyumba ya vigae na sauti isiyohitaji kipaza.

"Mize, nimekuja kuchukua Shibe. Mtoto wa dada anaoa."

"Shibe limetoka, dada."

"Limekwenda kwa nani?"

"Sijui. Nilikuwa Muheza."

"Sufuria la mtaa mzima, na wewe hujui liko kwa nani."

"Banda halina kufuli, Regea. Unajua kama ninavyojua."

Regea akalitazama banda. Akamtazama Mize. Kisha akatazama dirisha, akaona pazia jipya.

"Pazia zuri," akasema. "La wapi?"

"La marehemu dada yangu."

"Ee," akasema Regea, akajitanda kanga yake akaondoka.

Na siku zile alikuwa amepita mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake. Basi. Maneno ya mtaa hayana mama, huwezi kujua nani kayazaa. Adhuhuri yalikuwa: Shibe halionekani. Alasiri yakawa: Yule wa vyuma chakavu alipita hapa. Kufika magharibi, kisimani, yakawa: Pazia umeliona?

Mize akafungua nyumba. "Ingieni mtafute." Wakaingia, wakatafuta mpaka uvunguni, wakatoka wakasema, aliyeuza ataliweka nyumbani? Akashika msahafu akaapa. Wakasema, mwizi ndiye anayejua kuapa. Akalia. Wakasema, unaona, dhamiri inamsuta. Akaacha kulia. Wakasema, ana moyo wa jiwe huyu. Akaomba mnunuzi wa vyuma atafutwe, aulizwe. Wakasema, hao wameshapatana.

Jambo hili lilinikera, na linanikera mpaka leo ninapolisema. Jamani, mtu ataonyeshaje kitu ambacho hakukifanya? Nilichofanya nitakuonyesha: wali huu nimepika, onja. Nisichokifanya kina rangi gani? Kiko chumba gani nikakitoe? Lakini kila nikisema hivyo najibiwa kwa methali, tena ile ile: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Yaani neno likishasemwa, kazi yetu ni kukaa kitako kulingojea litimie. Aliyeitunga methali hiyo bila shaka hajawahi kusemwa.

Siku moja Mize alipika mkate wa kumimina, akampelekea jirani yake kama desturi. Sahani ikarudi. Haikurudi na ndizi, haikurudi na chumvi. Ilirudi na mkate wake ule ule, kitambaa hakijafunuliwa.

Hapo ndipo mwenyekiti wa mtaa, Mzee Darueshi, akatuita wote barazani kwake. Darueshi alikuwa mtu mwema, ila alipenda kelele ziishe kuliko alivyopenda haki ipatikane.

"Bi Mize," akasema, "tusiyafanye marefu. Tunakupa mpaka Ijumaa. Thibitisha kwamba hukuuza sufuria. Ukishindwa, mwiko utauleta hapa, na Bi Regea atausimamia."

"Nithibitishe vipi, mwenyekiti?"

"Hilo sasa ni lako wewe."

Mize akasimama. Alikuwa amekuja na mwiko, kaushika kama fimbo.

"Mama aliponipa mwiko huu alikuwa hana nguvu ya kuunyanyua," akasema. "Mimi sina mtoto. Basi nasema mbele yenu: atakayenitua mzigo huu, huyo ndiye nitakayemrithisha mwiko, awe nani awe nani. Lakini Regea hatausimamia mimi ningali hai."

Ndipo Vuai akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, nina swali."

"Tumekwisha," mtu mmoja akaguna. "Leo tutalala hapa."

"Nani kasema Mize kauza?" akauliza Vuai.

"Mtaa mzima," akasema Darueshi.

"Mtaa hauna mdomo. Nani?"

Watu wakatazamana miguu. Regea akaona macho yanaanza kumwelekea. "Mimi nimesema. Nami siyatapiki maneno yangu nikayala."

"Kamwuzia nani?"

"Wa vyuma chakavu."

"Uliona?"

"Si lazima nione. Yeye aseme liko wapi."

"Haya," akasema Vuai, akajiweka kitako vizuri, na hapo mkewe akafumba macho, maana alikuwa anamjua. "Na mimi nasema. Bi Regea, wewe usiku unapanda ungo unaruka juu ya paa zetu."

"Vuai, una wazimu."

"Si lazima niwe nimeona. Thibitisha kwamba huruki."

"Usiku nimelala kwangu, mwulize mume wangu."

"Mumeo kalala, ataona nini? Anayelala na mwanga ndiye wa mwisho kujua."

"Ungo wangu upo jikoni, umetundikwa."

"Mchana upo. Kila ungo mchana upo jikoni."

"Nitaapa."

"Mchawi ndiye anayejua kuapa."

Watu walicheka, wengine mpaka wakashikana. Halafu kicheko kikakatika chenyewe, kwa sababu kila mtu aliyasikia maneno yake mwenyewe yanatoka kinywani mwa Vuai. Regea alikuwa kafunga mdomo, na kwa jinsi ninavyomjua, ulikuwa unamuuma.

Vuai akamgeukia Darueshi. "Mwenyekiti, mimi na wewe tulikaa mkeka mmoja chuo cha Kurani. Tulifundishwa nini? Mwenye kudai alete ushahidi, mwenye kukana aape. Mize keshaapa. Mdai kaleta nini?"

"Kaleta pazia," mtu akasema nyuma.

Darueshi akapangusa uso. "Basi. Ijumaa ni ya Bi Regea. Aliyesema ndiye alete. Na sisi wengine, mwenye alichokiona akiseme."

Ndipo Sikudhani, aliyekuwa akimenya chungwa lake tangu mwanzo, akasema taratibu, "Shibe mimi nililiona."

Tukageuka wote.

"Mize alikuwa bado yuko Muheza. Siku ya ile mvua kubwa. Lilipita barazani kwangu limefunikwa kichwani mwa mtu, linatembea kwa miguu miwili. Chini yake kanga ya kijani, viatu mkononi. Uso sikuuona, sufuria lilikuwa limeumeza. Likashika njia ya Kichangani, na kila penye jiwe linapumzika. Huyo wa vyuma chakavu alikuja baadaye, njia zimeshakauka. Nilimwona naye. Mkokoteni wake ulikuwa na baiskeli mbovu na birika."

"Na muda wote huu umenyamaza," akasema Darueshi.

"Hamkuniuliza. Mlikuwa mnamwuliza Mize, na mimi si Mize."

Mize akamtazama. "Sikudhani. Tunachota maji kisima kimoja."

"Wewe nawe ungeniuliza, shoga."

"Sikupata nafasi ya kuuliza," akasema Mize. "Nilikuwa najibu."

Basi likajulikana kwamba Shibe lilikwenda Kichangani. Lakini Kichangani ni kwenda kutafuta sindano gizani. Ni mashamba matupu, nyumba zimejificha ndani ya mihogo, na wenyewe hawapendi mgeni. Maneno ya Chumvini hayafiki huko, wala ya huko hayatufikii. Regea akasema, "Kanga ya kijani. Nani hana kanga ya kijani?" Na wengine wakaanza kutikisa vichwa, kwamba kweli, hata hiyo si hoja, huenda Mize mwenyewe ndiye aliyemtuma mtu. Mnaona? Mzigo ulikuwa unarudi kichwani pale pale, kama maji yanavyojua bonde lake.

Jokha akachukua kikapu. "Nakwenda kununua mayai," akasema.

Akaingia Kichangani, uani hadi uani. Kwingine walimfukuza. Kwingine bata bukini alimng'ata mguu, kovu alitembea nalo. Akaulizia mayai, huku macho yanapita jikoni, nyuma ya choo, chini ya ukingo wa paa. Siku ya kwanza akarudi na mayai. Siku ya pili akarudi na mayai. Alhamisi akafika nyumba ya mwisho, kwa kikongwe mmoja wa mgongo wa chuma na masikio yaliyokwisha, jina lake Bi Msimu.

"Bibi, mayai yapo?" Jokha akampigia ukelele sikioni.

"Yapo. Lakini hayauzwi, yanaatamiwa."

"Kuku mwenyewe yuko wapi?"

Bi Msimu akampeleka nyuma ya nyumba. Hapo Shibe limelala ubavu, ndani yake kuku kishingo ametuna kama bi harusi wa siku ya kwanza.

"Nilimsomea mume wangu arobaini," akasema Bi Msimu. "Mimi mzaliwa wa Chumvini, kwa hiyo nikaenda bandani nikachukua sufuria, kama haki yangu. Wakala majirani hawa wa shamba. Chumvini hakuja mtu. Hata mtoto wa kaka yangu nilimpelekea salamu, akasema ana shughuli."

"Na mbona hukulirudisha, bibi?"

"Nilirudishe na nini? Mihogo yangu imeliwa na nguruwe. Sufuria kubwa namna hii unalirudisha na ndizi moja? Nikaona haya. Nikawa nasema kesho, nikawa nasema kesho. Mara kuku akaingia mwenyewe. Nikasema alhamdulillahi, Mungu kanitafutia. Yakianguliwa, nitalirudisha na vifaranga."

Mtoto wa kaka yake ni nani? Ni Regea. Angekwenda kumsomea mume wa shangazi yake, angekula wali wa Shibe kwa mkono wake mwenyewe.

Ijumaa Chumvini nzima ikaenda Kichangani kumtazama kuku. Bi Msimu alifurahi kuona watu. Akamshika Regea mikono yote miwili.

"Umekuja arobaini, mwanangu? Umechelewa, lakini karibu."

Mngemwona Regea. Mimi nilimwona, nikasogea karibu nimwone vizuri zaidi.

Mnadhani aliomba radhi? Tulipokuwa tunarudi alisema, "Mimi nilikuwa nauliza tu." Na wengine nao, nawajua kwa majina, wakasema, "Lakini na Mize naye, angekuwa anajua liko kwa nani, haya yote yasingetokea." Nikaona hapa hata ukiwaletea sufuria, na kuku, na mwenye kuku, bado watakuwa na lao.

Jioni ile sahani zikaanza kumiminika kwa Mize. Wali wa nazi, vitumbua, samaki wa kupaka. Hata ile ya jirani aliyerudisha mkate. Mize akapokea zote, akashukuru. Asubuhi akazirudisha, zimeoshwa zinang'aa, na kila moja tupu.

Siku ya pili yake wale watatu wakaja kuudai mwiko.

Vuai akasema, "Mimi sikuleta sufuria wala shahidi. Lakini wewe uliahidi atakayekutua mzigo, hukuahidi atakayepata sufuria. Nani aliuondoa kichwani mwako akamtwika aliyesema? Bila mimi ungekuwa bado unaapa."

Sikudhani akasema, "Ubishi wake uliwanyamazisha watu, na mtu aliyenyamaziwa si mtu aliyesafishwa. Wangekupisha njiani mpaka unakufa. Macho yangu ndiyo yaliyokuondoa kwa mnunuzi wa vyuma, yakaonyesha njia. Bila mimi huyu Jokha angetafuta wapi, baharini?"

Jokha akasema, "Macho yake yaliona miguu miwili na kanga. Miguu ya nani? Kesho yake wangesema miguu ni yako. Mimi ndiye niliyeleta jina, na nikaleta mguu ulioumwa. Bila mimi mngekuwa na swali zuri na habari nzuri, na Shibe halipo."

Wakaanza kutupiana. Sikudhani akamwambia Vuai, "Mwiko utaushikaje, wewe hata chai unachemshiwa?" Vuai akamwambia Sikudhani, "Aliyeona akanyamaza akabidhiwe chakula cha watu?" Jokha akaambiwa kwamba kwa kujulishwa njia, hata bata bukini angefika. Na katikati ya kelele hizo Regea akapita uchochoroni, akasimama, akasema bila haya, "Kama kila mtu anadai, mimi nisingesema, nani angelitafuta? Sufuria lingeozea Kichangani." Tukamtazama tu.

Mize alikuwa kakaa kwenye mbuzi ya nazi, mwiko mapajani.

"Vuai," akasema, "sufuria lisingepatikana, wangeniamini?"

Vuai akafungua mdomo. Akaufunga. Mkewe alisimulia jambo hilo mpaka uzeeni.

"Na ninyi wawili," Mize akasema, "Vuai asingeuliza, mngetoka mkaanza wenyewe?"

Sikudhani akatazama kucha zake. Jokha akatazama kikapu.

"Mwiko ni mmoja," akasema Mize. "Nimeahidi, na nitautoa. Sitaukata vipande." Akautundika ukutani, pembeni ya lile pazia.

Harusi ya kwa Regea ilipikwa kwa vijisufuria vya kuazima, huku wali mbichi, huku umeungua, kwa sababu Bi Msimu alikataa katakata Shibe kutoka mpaka vifaranga vitoke. Chombo hakirudi kitupu, alisema, yeye si mtu wa hivyo.

Basi mzigo wenyewe ndio huo, nimeufungua mbele yenu. Mwiko apewe Vuai, aliyeurudisha mzigo kwa mwenyewe? Apewe Sikudhani, aliyeona? Apewe Jokha, aliyekwenda? Au ubaki hapo ukutani, kwa kuwa Mize hakupaswa kununua jina lake kwa mwiko wa mama yake?

Je, wewe ungeamua vipi? Sema, nakusikiliza. Ila ukishasema ni fulani, usinigeukie ukaniambia bibi, thibitisha kwamba siye. Wewe ndiye uliyesema. Lete.